Picha Ghafi za Mkuyu

3 Desemba

Leo nimefunga kamera kwenye ukingo wa baraza, ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Sijamaliza kukaza skrubu ya mwisho, Prentice huyo getini, amevaa kofia yake pana ya majani kama mwenye shamba la miwa. Hakusalimu. Alitaka kujua kamera inatazama nini. Nikamwambia inatazama mkuyu wa uwanja wa mji, ng'ambo ya barabara. Akasema nyuma ya mkuyu iko nyumba yake. Nikamwambia kosa hilo si la mkuyu, mkuyu ulitangulia kwa miaka mia moja na ishirini.

Mtu huyu alikuwa daktari wa meno Melbourne. Kastaafu, kaja Port Lomax, kajenga ghorofa mbili za vioo kilimani, halafu ndipo akagundua kwamba kati yake na bahari pana mti. Ameiandikia halmashauri barua tatu akitaka ukatwe. Mkuyu umo kwenye orodha ya miti isiyoguswa. Najua umo, kwa sababu mimi ndiye niliyehangaika hadi ukaingia.

Halmashauri inataka video ya sherehe ya mwezi Machi: msimu mzima wa mvua, mti unavyojaa na kupumua, kwa dakika chache tu. Wamenipa mimi kwa kuwa nilikaa miaka ishirini na sita nyuma ya duka la dawa nikisafisha picha za mji huu. Picha moja kila dakika kumi, toka alfajiri hadi magharibi. Babu yetu aliyeletwa Queensland kutoka kisiwa cha Malaita kukata miwa ndiye aliyeupanda. Nani mwingine angefanya?

4 Desemba

Joto. Picha sabini na nane, zote sawa.

11 Desemba

Nimetengeneza kipande cha kwanza. Kamera inatoa picha ghafi, nazo ni nzito kama magunia. Picha ghafi haijachagua kitu: kila mwanga ulioingia kwenye lenzi umo, hata ule uliojificha kivulini, ila ukiifungua hivihivi haipendezi, ni kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Kwa hiyo unaipa rangi, unaipunguza, unaipanga na nyingine ishirini na tatu kwa kila sekunde, kisha unaibana. Kubana ndiyo kazi yenyewe. Programu inatupa kila kinachodhaniwa jicho halitakitaka. Nami nimeiambia iruke picha moja kati ya kila mbili, maana kompyuta yangu ni kikongwe kuliko mimi. Gigabaiti kumi na sita zikaingia, video ya sekunde kumi na moja ikatoka. Ni ng'ombe mzima kageuzwa kidonge cha supu. Picha ghafi nimezihamishia kwenye diski ya pembeni, nikaitia kwenye droo; nitafanya hivyo kila wiki.

Mchana nikawaita Alwyn na Ivy waje waone. Alwyn ni mdogo wangu, wa mwisho, na nyumba yake iko ua mmoja na yangu. Ivy ni mkewe. Alwyn akasema imependeza, dada.  Ivy alitazama mwavuli wake, ule asioachana nao.

Sina haja ya kujidanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita tawi la mkuyu lilimwangukia Ivy akiuza keki zake za nazi kwenye soko la Jumapili. Nyonga ikavunjika mara mbili. Sasa anatembea kwa fimbo, na akitoka mbali Alwyn anambebea kiti. Alwyn alitaka mti ukatwe. Mimi nilizunguka mji mzima nikakusanya saini mia nne na kumi na mbili usikatwe. Tawi moja bovu si mti, nilisema. Miezi sita hatukusalimiana. Yakaisha. Sisi ni wa tumbo moja.

16 Desemba

Nilikuwa mji wa Mackay kwa daktari wa macho, siku nzima. Jicho la kushoto linaanza mtoto wa jicho. Basi la kurudi halina kiyoyozi.

18 Desemba

Video nimeipandisha kwenye ukurasa wa mji mtandaoni, na Prentice kaipa alama sufuri. Nimemjibu kwamba alama hizo hazina uzito, zimetoka kwa mtu ambaye kila dirisha lake linauchukia mti.

25 Desemba

Kamba wa baharini, nyama ya nguruwe baridi, mvua ya kwanza ya maana. Kule kilimani walikuwa na karamu, na mgeni mmoja mwenye sauti ya kengele akasema kwamba nyumba ni nzuri, lakini msitu huo wa mbele vipi. Walicheka wote. Nilisimama kwenye baraza nikiwa na kijiko mkononi nikawatazama mpaka wakaingia ndani.

Alwyn hakula. Ivy alikula vizuri.

29 Desemba

Majani ya upande wa kilima yamekuwa ya njano. Msimu wa mvua, majani ya njano.

2 Januari

Yanaanguka mabichi. Nimeokota moja, linanuka kama dawa ya kuua magugu.

3 Januari

Bwana miti wa halmashauri kaja na mfuko wake na nyundo ndogo. Alipiga magoti kwenye mizizi, akakwangua matope kwa kisu, akaniita. Shimo. Kipenyo cha kidole gumba, limechimbwa kwa mashine, kina cha shibiri, halafu limezibwa kwa udongo kama mtu anavyoziba jino. Akakwangua tena. Tulihesabu kumi na moja, mzunguko mzima.

Nilimuuliza kama utapona. Akafuta kisu chake muda mrefu. Akasema mti mkubwa huchelewa kujua kuwa umekufa.

Kama mtu anavyoziba jino. Nimeandika hivyo bila kufikiri, sasa nimekaa naitazama sentensi hiyo.

4 Januari

Ninaye.

Nilizipitia video zote za Desemba, polepole, picha kwa picha. Tarehe kumi na sita, saa sita na dakika hamsini mchana. Siku niliyokuwa Mackay. Jua la utosi, uwanja mweupe kama chumvi, na chini ya mkuyu kivuli cheusi tititi. Ndani ya weusi huo pana mtu kapiga magoti, mgongo kwetu, kofia pana kichwani. Pembeni yake pana doa kubwa kama mzizi ulioinuka. Picha moja tu, sehemu ya ishirini na nne ya sekunde. Katika video inayokimbia huwezi kumwona. Anapita kama kope inavyopepesa.

Kofia pana. Sihitaji zaidi.

Nimeisimamisha picha ile, nimeichorea duara jekundu, nimeipandisha kwenye ukurasa wa mji na video yake. Sikuandika jina. Niliandika: "Huyu ndiye aliyeua mkuyu wetu. Mnaijua kofia. Na mnajua nani huziba matundu kwa ustadi."

Alwyn alipita jioni kurudisha ngazi yangu. Nikamwonyesha. Alisimama nyuma ya kiti changu, nikasikia anavyohema. Kisha akaniwekea mkono begani. Hajaniwekea mkono begani tangu mazishi ya mama.

5 Januari

Watu mia sita wameitazama. Mji una watu elfu moja na mia tatu.

7 Januari

Yule wa duka la mikate kamwambia Prentice mikate imeisha, huku rafu zimejaa nyuma yake. Amenisimulia mwenyewe huku ananifungia mkate wangu bure. "Shangazi Merle," akasema, "wewe leo hulipi." Nikala mkate ule na siagi nyingi.

9 Januari

Kuna mtu kammwagia Prentice matumbo ya samaki kwenye gari. Joto digrii thelathini na nne. Harufu ilifika huku.

Nilicheka. Naiandika kwa kuwa ni kweli.

10 Januari

Prentice kaja getini. Safari hii bila kofia, upara umeungua. Alisema hajaugusa mti. Alisema tarehe kumi na sita alikuwa ndani, ana ushahidi wa mkewe. Nikasema ushahidi wa mke ni kama ushahidi wa mto wa kulalia. Akasema atanishtaki. Nikamwambia anishtaki upesi, mimi ni mzee. Hapo akanitazama kwa chuki ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu mzima, na nikafurahi kwamba sasa ametoka kwenye adabu zake za Melbourne na tuko sawa.

13 Januari

Halmashauri imesimamisha bango kwenye uwanja: MTI HUU UMEUAWA KWA SUMU. Urefu wa mita sita, upana kama lori, na wameliweka palepale ambapo dirisha la Prentice lingepata bahari. Ni mtindo wao siku hizi, na ni mtindo mzuri.

15 Januari

Mvua. Majani.

16 Januari

Mvua. Mkuyu umebaki mifupa. Popo wamehama.

19 Januari

Konstebo Farrugia kaja kunywa chai. Binti mkali, babu zake Wamalta wa mashamba ya miwa. Akaniambia video yangu haimsaidii kitu. Imebanwa mno, kivuli kimekuwa shimo, na nusu ya wanaume wa Queensland wana kofia hiyo. Anataka picha zenyewe, jinsi zilivyotoka kwenye kamera. Nikamwambia zipo, nitazitafuta. Sikuona haraka. Mji ulikuwa umeshahukumu bila yeye.

20 hadi 24 Januari

Mvua, ukungu kwenye viatu. Prentice hatoki. Mkewe, Hilary, ndiye anayekwenda dukani sasa, mji wa pili, kilomita arobaini.

25 Januari

Kuna mtu karusha jiwe kwenye dirisha la Prentice saa kumi jioni, mchana kweupe. Hilary alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Kioo kimemchana kutoka kwenye nyusi hadi sikioni.

Niliwaona wakimtoa. Ni mwanamke mwembamba, mwenye umri wangu. Alishika taulo ya jikoni usoni, taulo yenye picha za kasuku, na alipopita mbele ya baraza yangu aligeuza kichwa akanitafuta kwa jicho lililobaki.

Sikucheka.

27 Januari

Kuna jambo limeniudhi. Asubuhi nimemwona Alwyn juu ya ngazi kwenye nyumba ya Prentice, anapima fremu. Mchana kaweka kioo kipya. Jioni nilimvaa uani. Nikamuuliza tangu lini anawafanyia kazi wauaji. Akasema kioo kilivunjika. Nikamuuliza wamemlipa kiasi gani. Akasema hakuwadai.

"Unamwekea kioo mtu aliyemuua babu yako mara ya pili?"

"Mama yule nyuzi kumi na nne, dada," akasema. "Kumi na nne." Akaingia ndani.

Nimemwona Ivy dirishani akinitazama. Hakupunga mkono.

28 Januari

Farrugia amepiga simu tena. Sasa kuna mtu kaumia, anasema, si mambo ya mti tena. Nikasema kesho.

29 Januari

Nimetoa diski kwenye droo baada ya chai ya asubuhi. Nikafungua picha ghafi ya saa sita na dakika hamsini. Kijivu, kama zote. Kivuli cheusi kama kwenye video. Nikashika kile kitufe cha vivuli nikakisogeza kulia kidogo kidogo, kama nilivyokuwa nikitazama karatasi ikikolea kwenye dawa zamani dukani.

Kwanza ikatoka mizizi. Kisha shati. Bluu, lina kiraka cha kahawia begani. Kiraka kile nimekishona mimi.

Doa nililodhani ni mzizi si mzizi. Ni Ivy kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli mapajani, ametazama barabarani. Analinda.

Nikafungua picha ya kabla yake, ile niliyoiambia programu iiruke. Alwyn anafika, kiti kwapani, mashine ya kutobolea mkononi. Nikafungua ya baada yake, saa saba kamili, nayo ilirukwa. Amesimama. Ameivua kofia, anajifuta jasho, na anatazama kamera. Hakuitazama kwa bahati. Anaitazama kama mtu anavyomtazama mtu. Uso wote upo, mpaka kovu la kidevuni alilopata alipoanguka kwenye baiskeli yangu akiwa na miaka sita.

Nilifunga kompyuta. Nikafua mashuka yaliyokuwa safi.

30 Januari

Nimemwambia Farrugia diski imeharibika.

31 Januari

Mvua.

1 Februari

Mvua. Kuna mtu kaandika neno kwa rangi nyekundu kwenye geti la Prentice. Alwyn kalisugua.

3 Februari

Tulikula pamoja, sisi watatu, kama kila Jumapili. Kuku. Ivy alisifu kuku. Nilikuwa namtazama mikono, vidole vyake vyenye pete moja, nikifikiria mwavuli ule mapajani. Alwyn alinikatia paja, sehemu niipendayo, bila kuulizwa. Wananipenda, nilifikiri. Hawajawahi kunipenda hivi tangu tawi lile. Na mimi nikawachukia wote wawili, nikalirudisha paja kwenye sahani.

Kwa nini sikusema palepale? Nilikuwa na maneno. Niliogopa kwamba nikimuuliza atanijibu, na jibu lake litakuwa na haki ndani yake, na nikilisikia sitaweza kufanya linalotakiwa kufanywa.

5 Februari

Kimbunga kinatajwa, bado kiko mbali baharini. Halmashauri inasema mkuyu hauwezi kuachwa umesimama mkavu.

6 Februari

Wameukata. Siku nzima kwa mashine tatu. Mti uliochukua miaka mia moja na ishirini. Kamera ilikuwa inaendelea kupiga, sikuwa nimeizima, kila dakika kumi. Nilikaa barazani nikiwatazama wanavyoshusha matawi kwa kamba, na watu wa mji walisimama wakiwa na simu zao, na kila kipande kikubwa kilipogonga ardhi, waligeuka kutazama kilimani na kumlaani Prentice. Alwyn alisimama katikati yao. Hakulaani, wala hakuondoka.

Kimbunga kikageuka, kikaenda zake kusini.

8 Februari

Hilary Prentice ameondoka kwa gari la dada yake. Plasta bado iko usoni.

9 Februari

Nimepeleka diski kituoni. Farrugia akauliza kama si ile iliyoharibika. Nikasema nilidanganya. Alizifungua picha tatu, akazitazama, akanitazama. Alijua ni nani. Mji una watu elfu moja na mia tatu. Aliuliza kama nimezungumza na mdogo wangu. Nikasema hapana. Akasema naweza kwenda kwanza nikazungumze naye, yeye atasubiri akinywa chai. Nikasema hapana.

Nilitoka nikapandisha ujumbe kwenye ukurasa wa mji: "Nilimsingizia Lyall Prentice. Hakuugusa mkuyu. Kosa ni langu." Watu kumi na mmoja wameusoma.

10 Februari

Walimchukua Alwyn kwa upole saa tatu asubuhi, wakamrudisha saa nane. Sikutoka. Kati ya nyumba zetu pana hatua thelathini na mbili.

12 Februari

Nimepanda kilimani. Prentice alifungua mlango, hakunikaribisha. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama kwenye zulia lake la kufutia miguu. Niliyasema yote, ya kofia, ya jino, ya mke na mto. Alinisikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza bei.

"Unajua nini, Bi Merle?" akasema. "Kila asubuhi kwa miaka miwili nilikunywa kahawa hapa nikiwaza kuufanyia jambo hilohilo. Sumu niliijua hata jina. Sikuwa na ujasiri. Ndugu yako kanishinda." Akaniambia ameiweka nyumba sokoni. Hilary harudi. Radhi yangu, akasema, niipeleke kwake, kwenye uso wake.

Nilishuka kilima nikiwa bado namchukia, na hilo lilinishangaza. Nilidhani kumkosea mtu kunafuta chuki.

15 Februari

Yule wa mikate kaniuzia mkate kwa bei kamili. Hakuniita shangazi. Wanaona kumsingizia mgeni ni makosa madogo. Kumpeleka ndugu polisi, hapo ndipo walipochefuka.

17 hadi 28 Februari

Mvua kubwa siku saba. Barabara ya Mackay imekatika. Sizungumzi na mtu, na hakuna anayezungumza nami.

4 Machi

Farrugia kapiga simu, sauti yake haina raha. Televisheni ya mahakama haifungui picha ghafi. Inafungua video tu. Ameuliza nani mjini anaweza kuzigeuza. Nikamwambia anajua ni nani.

6 Machi

Nimeifanya. Picha tatu, kila moja sekunde kumi.

Kugeuza ni kuchagua. Nililijua hilo miaka ishirini na sita. Ningeweza kuacha kivuli kilivyo, na hakuna hakimu ambaye angeona zaidi ya kofia. Ningeweza kuinua mwanga kidogo, shati lionekane na uso usionekane, na kusema kompyuta imefika mwisho. Nilikaa na uso wa mdogo wangu kwenye skrini tangu asubuhi hadi saa tisa. Nikiuongezea mwanga, kila mara alionekana mzee zaidi. Nikiuondoa, alirudi kuwa yeyote. Mwishoni niliuweka mwanga kama ambavyo ungekuwa usoni mwake siku ile, kama angesimama nje ya kivuli. Na Ivy pia. Nikabana kwa ubora wa juu kabisa, nikaipeleka kwa miguu chini ya mvua, ndani ya mfuko wa mkate.

Sherehe ya mkuyu ilikuwa iwe leo.

21 Machi

Mahakama ni chumba kimoja nyuma ya posta. Mawakili wawili, hakimu mwanamke mwenye mafua, benchi tatu. Nilikaa ya nyuma. Televisheni ilikuwa imewashwa tayari, mshale umesimama juu ya faili yangu. Ivy alikaa mbele, fimbo ikiwa kwenye goti.

Karani alipouliza kama wako tayari kuonyeshwa, Alwyn alisimama. Alikuwa amevaa suti ya mazishi. "Hamna haja," akasema. "Ni mimi. Mke wangu alikuja kwa kuwa nilimwambia aje. Yule bwana wa kilimani hakujua lolote, na nilimwacha achafuliwe wiki tano, na hilo ni baya kuliko mti." Mshale ukaondolewa. Hakuna aliyeiona video ile.

Faini, na saa mia mbili za kazi ya umma chini ya halmashauri. Ivy alionywa tu.

Nilitaka kutoka kwanza, lakini mlango ni mmoja. Tulikutana ukumbini, karibu na mashine ya maji. Alwyn alisimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akazungumza nami.

"Nilijua kamera iko pale," akasema. "Nilikaa nasubiri uone. Nilisema akija kuniuliza, namwambia palepale. Halafu ukanionyesha ile picha yenye duara. Nikadhani umeniona, dada. Nikadhani umemtupia Prentice ili unifunike. Nikasema kumbe bado ni dada yangu."

Ndiyo maana ya mkono ule begani.

Nikamwambia sikumwona. Nikamwambia ilikuwa imebanwa, ilikuwa nyeusi.

"Hukuniuliza," akasema. "Mara zote mbili. Kwanza ulikwenda kwa watu, halafu ukaenda kwa polisi. Nyumba yangu iko pale pale."

Ivy alikuwa amefika, anahema. Alinitazama chini hadi juu. "Wifi," akasema, "saini zako mia nne na kumi na mbili, mojawapo uliileta hospitali nitie mimi. Nilikuwa na nyonga imefungwa vyuma. Ukaniwekea kalamu mkononi."

Ni kweli. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Nimekaa hapa mezani najaribu kukumbuka kama alitia. Naamini alitia.

2 Aprili

Mvua zinapungua.

9 Aprili

Nyumba ya Prentice imeuzwa. Bango la halmashauri limeondolewa. Nimemwandikia Hilary barua ya kurasa mbili, hajajibu, na sina sababu ya kumtegemea ajibu.

14 Aprili

Halmashauri ina ucheshi wake. Saa mia mbili za Alwyn wameamua ziwe za kung'oa kisiki cha mkuyu kwa mkono, kwa kuwa mashine zingeharibu mabomba ya uwanja. Kaanza leo alfajiri: sururu, shoka, koleo. Ivy amekaa kando yake. Watu wanapita, wengine wanampungia mkono. Hakuna anayetazama baraza yangu.

Nilimtazama hadi saa tatu. Ana miaka hamsini na nne. Kisha nikachukua koleo la babu stoo, nikavuka barabara.

Alwyn alisema, "Ondoka, Merle." Hajawahi kuniita jina tupu maishani mwake.

Nikaanza kuchimba upande wa pili wa kisiki. Ivy akasema nitakufa kwa jua na wao watalaumiwa kwa hilo pia. Nikasema wapige picha. Hakucheka mtu.

Tulichimba. Mizizi ya mkuyu ni minene kama mapaja na bado ina maji ndani, mti wenyewe hauna habari. Mikono yangu ilitoka malengelenge kabla ya saa tano, yakapasuka kabla ya saa sita.  Mara moja koleo langu lilikwama chini ya mzizi, nikavuta, nikapiga teke, nikalitukana kwa lugha ambayo mama angenifinya. Alwyn aliacha kazi yake akaja. Hakunitazama. Alipiga shoka mara tatu, mzizi ukaachia, akalitoa koleo langu, akaliegemeza pale ambapo ningeweza kulifikia, akarudi upande wake.